Maswali ya Wasomaji: Swapu Kwenye Kompyuta ya Linux

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinazunguka jambo moja, nalo ni swapu, yaani ile sehemu ya diski ambayo mfumo endeshi huitumia kuweka kwa muda vitu vilivyokosa nafasi kwenye RAM, kumbukumbu ya haraka ambamo programu hufanyia kazi. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na tumezifupisha pale ilipobidi. Amri zote zilizomo humu zinaandikwa kwenye dirisha la amri, na zimeandikwa kwa ajili ya Ubuntu, Debian na mifumo ya ukoo huo.

*

Ndugu Mtaalamu, mimi ni mwanafunzi wa chuo. Nina kompyuta mpakato ya mtumba yenye RAM ya gigabaiti 4, ambayo haiwezi kuongezwa kwa kuwa imelehemewa kwenye bodi, na diski ya SSD ya gigabaiti 250. Natumia Ubuntu. Nikifungua kivinjari chenye vichupo kama kumi pamoja na LibreOffice, kompyuta inaganda kabisa, kishale cha kipanya hakisogei na taa ya diski inawaka bila kuzimika. Baada ya dakika kadhaa kivinjari hufungika chenyewe. Fundi aliyeniuzia alisema ameondoa swapu ili SSD isichakae mapema. Je, alifanya sawa? Na nikitaka kuirudisha, nifanyeje bila kupoteza kazi zangu? — Mwanafunzi, Morogoro

Fundi wako alikuwa na nia njema, lakini amekukinga na hasara ndogo kwa kukuingiza katika hasara kubwa. Tuanze na hiyo taa ya diski, maana ndiyo inayotueleza kinachotendeka humo ndani. Ikiwa swapu haipo, diski inashughulika na nini muda wote huo?

Kiini cha Linux (kernel), yaani programu kuu inayosimamia mashine nzima, hugawa RAM katika vipande vidogo viitwavyo kurasa, na kwenye kompyuta nyingi za Intel na AMD kila ukurasa una kilobaiti 4. Baadhi ya kurasa hizo tayari zina nakala kwenye diski, kama vile msimbo wa programu zenyewe, maktaba zinazotumiwa na programu hizo, na faili ulizozisoma bila kuzibadilisha. Nyingine hazina nakala popote pale, kwa mfano aya uliyoiandika lakini hujaihifadhi, au vitu vyote ambavyo kivinjari kimevijenga ili kukuonyesha ukurasa wa tovuti. RAM inapojaa, kiini hakina budi kuondoa kitu. Kurasa za kundi la kwanza kinaweza kuzitupa tu, kwa sababu zikihitajika zitasomwa upya kutoka kwenye diski. Kurasa za kundi la pili hakithubutu kuzitupa, kwa sababu zikitoweka zimetoweka, na mahali pekee pa kuzihamishia ni kwenye swapu.

Kwa hiyo kwenye kompyuta isiyo na swapu, kichupo ulichokifungua asubuhi na hujakigusa tena kinaendelea kung'ang'ania RAM, wakati msimbo wa programu unayoitumia sasa hivi unatupwa, unasomwa tena baada ya nukta (sekunde) chache, kisha unatupwa tena. Mashine inakuwa kama utingo anayeshusha na kupandisha mizigo ile ile huku basi haliondoki kituoni. Hiyo ndiyo taa unayoiona ikiwaka. Mwishowe kiini kinakata shauri la kuiua programu moja ili nyingine zipone, na kwa kuwa kivinjari ndicho kilichoshika kumbukumbu nyingi kuliko vyote, mara nyingi ndicho kinachouawa. Kwenye Ubuntu ya mezani kuanzia toleo la 22.04 kuna pia huduma iitwayo systemd-oomd, ambayo hufanya kazi hiyo mapema zaidi kabla hali haijawa mbaya kabisa.

Ni kweli kwamba SSD, yaani diski isiyozunguka, huchakaa kwa kuandikwa, lakini hofu ya fundi haina uzito inapopimwa kwa hesabu. Samsung 860 EVO ya gigabaiti 250, kwa mfano, ilitolewa na dhamana ya kuandikwa terabaiti 150. Tuseme swapu yako inaandika gigabaiti 5 kila siku, kiasi ambacho si kidogo kwa kompyuta ya mwanafunzi: ingechukua siku 30,000, yaani zaidi ya miaka 80, kuufikia mpaka huo kwa swapu peke yake. Punguza hesabu hiyo hadi robo, kwa kuwa SSD nyingine ni dhaifu zaidi na kila diski huandika kwa ndani zaidi ya inavyoagizwa, bado betri, bawaba na kibodi vitakufa kwanza. Hofu hiyo ina msingi kwenye kadi ndogo za kumbukumbu, kama zile zinazotumika kwenye kompyuta ndogo za Raspberry Pi.

Sasa tuirudishe. Huhitaji kugawa diski upya, kwa hiyo kazi zako hazitaguswa. Utatengeneza faili la kawaida na kukiambia kiini kilitumie kama swapu. Ubuntu yenyewe iliacha desturi ya kutenga sehemu maalumu ya diski kwa ajili ya swapu kuanzia toleo la 17.04 la Aprili 2017, ikahamia kwenye faili. Watu bado hudhani kwamba faili ni la polepole kuliko sehemu iliyotengwa, lakini tangu Linux 2.6 kiini huchora ramani ya mahali faili lilipo kwenye diski mara tu linapowashwa, kisha kinaandika moja kwa moja pale bila kupitia kwenye mfumo wa faili. Zaidi ya hayo, faili ukitaka kulikuza au kulifuta kesho, unaweza.

Kwanza thibitisha kwamba kweli hakuna swapu na kwamba diski ina nafasi ya kutosha:

`swapon --show`
`df -h /`

Amri ya kwanza isipoonyesha chochote, swapu haipo. Ya pili itakuonyesha nafasi iliyobaki, na usiendelee ikiwa utabakiwa na chini ya gigabaiti kumi hivi baada ya kutoa faili tunalolitengeneza, kwa kuwa Ubuntu nayo inahitaji nafasi ya masasisho. Kwa RAM ya gigabaiti 4, swapu ya gigabaiti 4 inatosha. Ndicho kiwango ambacho hata mwongozo wa Red Hat hukipendekeza kwa mashine zenye RAM kati ya gigabaiti 2 na 8. Kisha andika:

`sudo dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=4096 status=progress`

Soma mstari huo mara mbili kabla ya kubonyeza kitufe cha kuingiza. Amri ya dd haiulizi maswali, na ukiandika jina la diski baada ya of= badala ya jina la faili, itajaza sufuri juu ya kila kitu ulicho nacho. Wengi hutumia amri ya fallocate, ambayo humaliza kazi kufumba na kufumbua, nayo hufaa kwenye mfumo wa faili wa ext4; tatizo lake ni kwamba kwenye baadhi ya mifumo mingine faili linalotokana nayo hukataliwa kwa madai kwamba lina matundu. Kwa kuwa unafanya kazi hii mara moja tu, afadhali usubiri dd imalize.

Hatua inayofuata huonekana ndogo, na wengi huiruka:

`sudo chmod 600 /swapfile`

Swapu ina vipande vya kumbukumbu za programu zako, na ndani yake mnaweza kuwamo nywila, barua na lolote lile ulilokuwa ukilifanya. Faili likiachwa na ruhusa za kawaida, mtumiaji yeyote wa kompyuta hiyo ataweza kulisoma. Usipofanya hivyo, mfumo wenyewe utakukumbusha wakati wa kuwasha kwamba ruhusa 0644 si salama na kwamba 0600 inafaa zaidi. Baada ya hapo:

`sudo mkswap /swapfile`
`sudo swapon /swapfile`

Amri ya mkswap huandika alama mwanzoni mwa faili ili kiini kilitambue. Ukiisahau, swapon itakataa na kulalamika kwamba imeshindwa kusoma kichwa cha swapu. Ya pili huiwasha papo hapo, bila kuzima mashine. Ukiandika free -h sasa utaona kwamba mstari wa Swap, ambao zamani ulikuwa na sufuri tupu, umepata 4.0Gi.

Limebaki jambo moja. Swapu uliyoiwasha itapotea ukizima kompyuta, mpaka uiandikishe kwenye faili la /etc/fstab, ambalo mfumo hulisoma unapowaka ili kujua diski na swapu za kutumia. Tunza nakala kwanza, kisha uongeze mstari mmoja mwishoni:

`sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.nakala`
`echo '/swapfile none swap sw 0 0' | sudo tee -a /etc/fstab`

Usisahau herufi -a, kwa sababu bila hiyo tee itafuta yote yaliyomo na kuuacha mstari huo peke yake, na kompyuta inaweza isiwake vizuri. Ili kuhakikisha kwamba mstari uko sawa bila kuzima mashine, zima swapu kwa sudo swapoff /swapfile, kisha uandike sudo swapon -a, ambayo husoma fstab yenyewe. Ikiwa swapon --show inaionyesha tena, kazi imekwisha.

Usitarajie kwamba kompyuta ya gigabaiti 4 sasa imekuwa ya gigabaiti 8. SSD, hata iliyo bora, ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM. Utakachokipata ni kwamba vile vichupo vilivyolala vitaondoka njiani, na pale RAM itakapozidiwa kweli mashine itapunguza mwendo badala ya kuganda ghafla, nawe utapata muda wa kuhifadhi kazi yako na kufunga kitu.

*

Mtaalamu, hujambo. Natunza maabara ya kompyuta ya shule ya upili. Mashine zetu ni kuukuu, zina RAM ya gigabaiti 2 na diski za kuzunguka, nasi tumeweka Linux. Nimefundishwa tangu zamani kwamba swapu iwe mara mbili ya RAM. Je, kanuni hiyo bado ipo? Pili, kwenye mashine yangu ya ofisini, ambayo haizimwi usiku, amri ya free huonyesha asubuhi kwamba megabaiti 600 za swapu zimetumika ilhali RAM ina nafasi. Huwa naizima swapu na kuiwasha tena ili isafishike. Nakosea? — Mwalimu, Kisumu

Mwalimu, kanuni ya mara mbili ina chimbuko la kweli. Wazo lenyewe la kuifanya hifadhi ya polepole isaidie kumbukumbu ya haraka ni la kale: kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester, iliyozinduliwa Desemba 1962 chini ya Tom Kilburn, ilihamisha kurasa kati ya kumbukumbu yake kuu na ngoma ya sumaku bila mwandishi wa programu kujishughulisha na jambo hilo. Kwa upande wa Linux, matoleo ya mwanzo ya 2.4, yaliyotoka mwaka 2001, hayakuwa yakiachilia nafasi ya swapu hata baada ya ukurasa kurudishwa kwenye RAM, kwa hiyo swapu iliyolingana na RAM haikuwa na msaada mkubwa, na mara mbili ikawa ushauri wa busara. Kasoro hiyo ilikwisha rekebishwa zamani, lakini kanuni imebaki vinywani mwa watu. Kwa mashine zako za gigabaiti 2 bahati nzuri bado inafaa, kwa kuwa RAM ni ndogo mno. Kwa mashine yenye gigabaiti 16, kutenga 32 ni kupoteza diski bure, isipokuwa kama una kazi maalumu inayohitaji hivyo.

Kuhusu zile megabaiti 600, ziache zilivyo. Kiini kimeona usiku kucha kwamba kurasa fulani hazihitajiki na yeyote, kikazipeleka kwenye diski ili RAM itumike kuhifadhi faili zinazosomwa mara kwa mara. Kitakapozihitaji kitazirudisha moja moja. Unapoizima swapu unakilazimisha kizisome zote kwa mkupuo, pamoja na zile ambazo huenda zisingehitajika kamwe, na kwenye diski ya kuzunguka kazi hiyo inaweza kuchukua dakika nzima au zaidi, na kama RAM haina nafasi ya kutosha, amri yenyewe itashindwa.

Kiasi kilichotumika hakikuelezi kama mashine ina shida. Linalokueleza ni mwendo wa kurasa, nao unaonekana kwa amri hii:

`vmstat 1`

Kila nukta utaona mstari mpya. Uache mstari wa kwanza, maana ni wastani tangu mashine ilipowashwa, kisha utazame safu mbili tu, yaani ile iliyoandikwa "si", ambayo ni kiasi kinachorudi kutoka kwenye swapu, na ile iliyoandikwa "so", ambayo ni kiasi kinachokwenda huko, vyote kwa kilobaiti kwa nukta. Zikiwa sufuri, au zikiruka mara moja na kurudi kwenye sufuri, huna tatizo hata kama swapu imejaa nusu. Zikiwa na mamia au maelfu katika safu zote mbili, mstari baada ya mstari, wakati wanafunzi wanalalamika, basi RAM haitoshi kwa kazi mnayoifanya, na hakuna kipimo cha swapu kitakachoponya hilo.

Hata hivyo kuna jambo linaloweza kuzisaidia mashine zako kuliko swapu ya diski, nalo ni zram. Hiyo ni swapu inayokaa ndani ya RAM yenyewe ikiwa imebanwa, kiasi kwamba kurasa zilizokuwa zikichukua megabaiti 300 zinaweza kuenea ndani ya 100 au pungufu, kutegemea zilichonacho. Sauti yake ni ya ajabu, maana unaitoa RAM ili kuipata RAM, lakini kubana ukurasa kwa prosesa, hata iliyo kuukuu, ni kazi ya haraka mno kuliko kuungoja mkono wa diski ya kuzunguka ufike mahali pake. Simu nyingi za Android hutumia mbinu hiyo, na Fedora iliifanya kuwa chaguo lake la kawaida kuanzia toleo la 33 la Oktoba 2020. Kwenye Debian na Ubuntu unaiweka hivi:

`sudo apt install zram-tools`

Kisha ufungue faili la /etc/default/zramswap, uandike ALGO=zstd (njia ya kubana) na PERCENT=50 (asilimia ya RAM), na umalizie kwa sudo systemctl restart zramswap. Swapu ya diski usiiondoe. Kila eneo la swapu lina daraja lake la kutangulizwa, na zram huwekwa juu, kwa hiyo diski itaguswa pale tu zram inapojaa. Amri ya swapon --show itakuonyesha daraja hizo kwenye safu ya PRIO.

Wasomaji wengine wameuliza kuhusu swappiness, ile namba ambayo kwa kawaida ni 60, nami nalijibu hapa kwa kuwa linahusiana. Namba hiyo si asilimia ya RAM inayopaswa kujaa ndipo swapu ianze, kama inavyosimuliwa. Inakiambia kiini kiegemee upande gani kati ya kutupa kurasa zenye nakala na kuhamisha zisizo na nakala. Kwenye diski ya kuzunguka bila zram, kuishusha hadi 10 au 20 hupunguza kero. Ukiwa na zram, ni kinyume chake, iongeze hadi 100. Tangu Linux 5.8 inaruhusiwa kufika 200. Ili ibaki hivyo kila mashine inapowashwa:

`echo 'vm.swappiness=100' | sudo tee /etc/sysctl.d/90-swapu.conf`
`sudo sysctl --system`

*

Huku kwetu umeme unakatika mara kwa mara, na betri ya kompyuta yangu haidumu. Ningependa kuilaza hadi kuzimika kabisa, kisha niwashe na kukuta kazi zangu kama nilivyoziacha. RAM ni gigabaiti 8 na nina swapfile ya gigabaiti 2. Kwa nini haikubali? — Msomaji, Tanga

Kwa sababu unapoilaza namna hiyo, kiini huandika picha ya kumbukumbu yote inayotumika kwenye swapu, na gigabaiti 2 hazitoshi. Kiini hujaribu kuipunguza picha hiyo hadi takriban sehemu mbili kwa tano za RAM, lakini hakiahidi kufanikiwa, kwa hiyo weka swapu inayolingana na RAM, yaani gigabaiti 8, na uongeze kidogo ikiwa huwa unaitumia kweli katika kazi za kila siku. Zima ya zamani kwa swapoff, ifute, kisha ufuate hatua tulizomwandikia msomaji wa Morogoro ukiweka count=8192. Zram haifai kwa jambo hili, maana umeme ukiondoka nayo imeondoka.

Ukubwa peke yake hautoshi. Lazima uuambie mfumo mahali pa kuitafuta picha hiyo unapowaka, na kwa faili unahitaji taarifa mbili, yaani kitambulisho cha sehemu ya diski yenye faili na mahali faili linapoanzia:

`findmnt -no UUID -T /swapfile`
`sudo filefrag -v /swapfile | head -n 4`

Katika matokeo ya pili, chukua namba ya kwanza iliyo chini ya physical_offset kwenye mstari wa 0, ukiacha zile nukta mbili (..) zinazoifuata. Fungua /etc/default/grub, faili la mipangilio ya kuwasha mfumo, na ndani ya alama za kunukuu za GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT uongeze resume=UUID= ikifuatiwa na kitambulisho, kisha resume_offset= ikifuatiwa na ile namba. Andika sudo update-grub, washa upya, na ujaribu kwa sudo systemctl hibernate ukiwa huna kazi ya maana iliyofunguliwa. Siku utakapolifuta faili hilo na kulitengeneza upya, namba ya mahali itabadilika na itakubidi uirekebishe.

Ikiwa bado inakataa, kagua kama Secure Boot, ulinzi unaozuia programu zisizoidhinishwa wakati wa kuwaka, imewashwa, kwa kuwa Ubuntu na mifumo kadhaa hufunga uwezo huu inapokuwa imewashwa. Uamuzi wa kuizima ni wako. Mimi ningeizima kwenye kompyuta inayokaa nyumbani, na nisingeizima kwenye ya ofisi bila kumuuliza mhusika.

*

Nimekodi seva ndogo yenye RAM ya gigabaiti 1 kwa ajili ya tovuti ya duka. Kila baada ya siku chache hifadhidata ya MySQL inazimika bila taarifa. Je, swapu itasaidia? — Mfanyabiashara, Mombasa

Kwanza hakikisha kwamba ni kumbukumbu iliyokwisha kweli:

`sudo journalctl -k | grep -i "out of memory"`

Ukiona mistari inayotaja mysqld kuwa imeuawa, ndiyo yenyewe, na swapu ya gigabaiti 1 au 2 itaipa seva pumzi pale wageni wanapoingia wengi kwa pamoja. Kuna seva za bei nafuu ambazo kwa hakika ni chumba tu ndani ya mfumo wa mwenye mali, na humo swapon itajibu kwamba hairuhusiwi. Hapo hakuna ujanja, muombe mwenye seva au uhame.

Baada ya hapo tafuta kinachokula kumbukumbu. Mara nyingi si MySQL, ambayo nafasi yake kuu ya kuhifadhia data kwa kawaida ni megabaiti 128, bali ni idadi ya michakato ya PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi, iliyoruhusiwa kuwaka kwa pamoja. Ikiwa kila mmoja unachukua megabaiti 60 nawe umeruhusu 20, umekwisha ahidi megabaiti 1,200 kwenye mashine ya 1,024. Punguza iwe 5 au 6. Wageni watakaozidi watasubiri kidogo kwenye foleni, jambo ambalo ni heri kuliko duka zima kufungwa.

*

Nilifuta sehemu ya swapu kwenye kompyuta ya mteja ili kuikuza sehemu ya faili zake. Tangu siku hiyo ikiwashwa inakaa muda mrefu kwenye skrini nyeusi, kisha inaendelea kama kawaida. Mteja anasema nimemharibia diski. — Fundi wa kompyuta, Bukoba

Diski ni nzima. Ondoa maandishi ya kukaribisha yanayoficha mambo wakati wa kuwaka kwa kubonyeza kitufe cha Esc, na huenda utaona mstari unaohesabu hadi dakika 1 na nukta 30 ukitaja kifaa fulani chenye herufi na namba ndefu. Kifaa hicho ni ile swapu uliyoifuta. Jina lake bado limo kwenye /etc/fstab, nao mfumo unakisubiri kijitokeze mpaka muda uishe. Jambo hilo hilo huwapata wanaoandika mkswap upya juu ya sehemu ya zamani, kwa sababu kila mkswap hutoa kitambulisho kipya.

Fungua /etc/fstab na uweke alama ya # mwanzoni mwa mstari huo wa swapu. Halafu angalia /etc/initramfs-tools/conf.d/resume, ambako mafundi wengi hawafiki. Kitambulisho cha zamani kikiwa kimeandikwa humo pia, kuwaka kutachelewa kwa sababu ya pili hata baada ya kurekebisha fstab. Badilisha mstari uliomo uwe RESUME=none, kisha uandike:

`sudo update-initramfs -u`

Na kabla hujamrudishia mteja kompyuta yake, mtengenezee swapfile, kwa kuwa ulipoifuta ile sehemu hukumwachia nyingine.